Jipu kwenye mchanga wa ziwa: nani atembee mbele?



Juma hili niliwaahidi kuendelea na habari ya akiba ya shule. Mtanisamehe, tutairudilia juma lijalo. Nimerudi kutoka safari ya kusini ya Baraka, na jambo nililoliona kule halitaki kungoja. Kiangazi kimeanza, mchanga umekauka, na magari yanazidi kupita kando ya ziwa.

Tulikuwa watu 11 ndani ya jipu moja, Land Cruiser ya zamani, pamoja na magunia matatu ya muhogo, madumu ya mafuta ya mawese na mifuko yetu. Mimi nilibanwa kati ya mama mmoja mwenye mimba na kijana aliyepakata kuku. Safari yetu ilikuwa ya kutembelea vikundi vya wamama. Tulipofika sehemu moja, barabara ilikuwa imekatika. Habari hiyo wote tunaijua: Ziwa Tanganyika lilipopanda mwaka wa 2021, na tena mwaka wa 2024, lilikula nyumba kule Uvira na Kalemie, likala na vipande vya barabara. Shofa akafanya kama wanavyofanya wengi. Akaacha barabara, akatelemka mpaka ukingoni, akapita mchangani.

Hatukwenda mbali. Gari likaanza kulegea. Injini inalia lakini hatusogei. Shofa akakanyaga mafuta, mchanga ukaruka nyuma kama maji, na gari likazama mpaka likakaa juu ya tumbo lake. Tukashuka wote. Vijana wa kijiji wakaja kusukuma, kila mmoja na bei yake. Walichimba, wakasukuma, wakabishana, wakasukuma tena. Mwishowe gari likachomoka kwa ghafla, na likachomoka kwa kasi.

Hapo ndipo shofa hakusimama. Mbele yake, labda hatua 40, wamama walikuwa wameanika ndagala juu ya mchanga. Katikati ya ndagala kulikuwa mtumbwi uliopinduliwa, na katika kivuli chake mtoto mchanga amelazwa juu ya kitenge. Mama yake alikuwa ndani ya maji anaosha beseni. Tulipiga kelele wote. Dada yake yule mtoto, msichana ambaye hajafika hata miaka 10, alimnyakua akaanguka naye pembeni. Gari likapita. Nilikwenda kuangalia. Alama ya gurudumu ilikuwa juu ya kitenge.

Mtoto ni mzima. Namwandika hapa kwa shukrani. Lakini tangu siku ile, nikifumba macho ninaona ile alama.

Ningetaka kuwaambia kwamba shofa yule ni mtu mbaya, tumkasirikie, mambo yaishe. Si mtu mbaya. Alisimamisha gari mbali kidogo, penye mchanga mgumu, akarudi kwa mguu huku anatetemeka, akapiga magoti mbele ya mama wa mtoto. Kisha akatuambia neno moja ambalo lilinikera siku ile, lakini leo ninalielewa: “Mama, kwenye mchanga ukisimama umekwisha.”

Na ni kweli. Hapo ndipo penye hatari, wamama. Barabarani tunamfundisha kila shofa kwamba akiona mtoto apunguze mwendo na asimame. Mchanga unamfundisha kinyume. Unamwambia usipunguze, usikanyage freni, usikate kona, endelea tu. Kwa hiyo shofa aliyekwisha kuzama mara moja ana woga wa kusimama kuliko woga wa kitu kingine chochote. Na ukingo uleule anaoupita ndio shamba letu, ndio soko letu, ndipo tunapoanika ndagala, tunapofua, na watoto wanapolala kivulini.

Jioni, pale Baraka, nilimtafuta papa mmoja ambaye aliendesha magari ya namna hiyo kwa miaka mingi na sasa amepumzika. Nilimwuliza: je, haiwezekani gari lipite mchangani polepole, kwa namna ambayo shofa anaweza kusimama akitaka? Alicheka, akaniuliza swali lake: “Mama, yule shofa alitoa upepo kwenye magurudumu?”

Hakutoa. Nilikuwa pale tangu asubuhi, sikumwona akiinama hata mara moja.

“Basi mlikuwa mnavaa viatu vya kisigino mchangani,” akasema papa.

Alinieleza hivi. Gurudumu lililojaa upepo ni gumu na jembamba, linagusa mchanga kwa sehemu ndogo tu, kwa hiyo linakata na kuzama, kama kisigino cha mama aliyetoka harusini akapita kando ya ziwa. Gurudumu lililopunguzwa upepo linalala, linakuwa refu na pana chini, na uzito wa gari unagawanyika. Ni kama kuvua viatu ukatembea peku. Gari la namna hiyo, lililofungwa nguvu ya magurudumu yote manne, linapita polepole. Na likisimama penye unyevu, ao likielekea mtelemko, mara nyingi linaweza kuondoka tena.

Kwa wale wanaopenda hesabu: barabarani magurudumu ya jipu lenye mzigo huwa na upepo wa bari 2.5 ao zaidi, hasa ya nyuma. Kwa mchanga, papa hushusha mpaka 1.5 kama mzigo ni mzito, na 1.2 kama gari ni jepesi. Akizama anafika 1.0, si chini ya hapo, maana mpira unaweza kuchomoka kwenye chuma chake. Asiye na kipimo aangalie kwa macho: chini ya gurudumu mpira uonekane umevimba pembeni kama shavu la mtoto anayekula. Ni hayo tu. Kazi ya dakika 10 kwa magurudumu manne.

Kwa nini basi mashofa hawafanyi? Nilifikiri ni kiburi. Papa akasema kiburi kipo, lakini sababu kubwa ni pompi. Shofa asiye na pompi anajua kwamba akitoa upepo hapa, hana mahali pa kuurudisha mpaka afike mjini. Na hawezi kukimbia barabarani na magurudumu yaliyolegea, kwa sababu yanapata moto mkali na yanaweza kupasuka. Kwa hiyo anachagua kujaribu bahati. Anajaribu bahati yake pamoja na yetu. (Mimi nimesafiri njia hii miaka mingi, na sikuwahi kuuliza shofa hata mmoja kama ana pompi. Nauliza bei, nauliza saa ya kufika, nauliza kama kuku analipa.)

Kuna jambo la pili ambalo papa aliniuliza. Majipu mengi ya zamani yana kidude katikati ya kila gurudumu la mbele, ambacho shofa lazima ateremke akizungushe kwa mkono mpaka kwenye alama iliyoandikwa LOCK. Baadaye ndipo anavuta gia ndogo kwenye H4, ao L4 kama mchanga ni mbaya sana. Mengine yanajifunga yenyewe, lakini yale ya zamani hapana. Shofa akivuta gia bila kuteremka, magurudumu ya mbele yanazunguka bila nguvu, na ninyi ndani mnafikiri mko katika gari la magurudumu manne. Wamama, hiyo mnaweza kuiona kwa macho yenu. Kabla ya mchanga, shofa ameteremka akagusa magurudumu ya mbele? Kama hajateremka, mwulizeni kwa heshima: “Papa shofa, huku mbele umefunga?” Kama gari lake linajifunga lenyewe atawaambia. Kama amesahau, atawashukuru, hata kama atajifanya amekasirika.

Sasa, mahali pa kupita. Wanaoendesha kando ya bahari, kama huko Muanda, wanahesabu saa za maji kujaa na kupwa. Ziwa letu halina jambo hilo. Letu linapanda polepole wakati wa mvua mpaka kama mwezi wa tano, kisha linashuka mpaka mvua zirudi. Kwa hiyo ukingo wa mwezi wa kumi ni mpana kuliko ukingo wa leo, na aliyepita mwaka jana asidhani atakuta njia ileile. Lakini upepo tunao. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini unaleta mawimbi makubwa, na gari lililozama karibu na maji linaweza kupigwa na mawimbi mpaka mchanga ulio chini yake uondoke. Ndani ya ghuba, upande wa Baraka, rasi ya Ubwari inatukinga kidogo. Ukitoka nje ya kinga hiyo, mawimbi ni mengine.

Mchanga mzuri ni ule wenye unyevu kidogo, juu tu ya mahali mawimbi yanapofika. Ule mkavu mweupe wa juu unalegea, hasa saa za mchana ukishapigwa na jua. Asubuhi mapema unashika vizuri zaidi. Na ule wa chini kabisa, unaong'aa kwa maji, unaonekana mgumu lakini ni mdanganyifu. Mahali pabaya kuliko pote ni kwenye midomo ya mito. Mto mdogo ukiingia ziwani unaleta mchanga laini na matope, unayapanga upya kila mvua, na juu panaonekana sawa. Kwenye mdomo wa mto mtu atembee kwanza kwa miguu, akiwa na fimbo, kabla gari halijapita. Kama mguu wa mtu unazama mpaka kifundo, gari lizunguke ao lirudi. Hakuna aibu katika kurudi.

Hapa sasa ninazungumza na sisi abiria, maana wengi wetu hatuendeshi, lakini ndio tunaobeba watoto.

Tushuke. Shofa akifika penye mchanga mlegevu, wamama washuke na watoto wao, watembee. Gari lisilo na watu linapita pale ambapo gari lenye watu 11 linazama, na likipinduka halimkuti mtu. Najua jua ni kali, najua mama mwenye mimba anachoka. Yule wa safari yetu alitembea akiwa ameshika mkono wangu, na baadaye alisema ilikuwa sehemu nzuri kuliko zote za safari, kwa kuwa alinyoosha mgongo. Anayebaki kwenye kiti afunge mkanda kama upo. Juu ya mzigo asibaki mtu yeyote. Kilima cha mchanga kinapandwa na kutelemkwa moja kwa moja, na shofa akikata ubavu gari linaweza kulala, na wa kwanza kutupwa ni kijana aliye juu ya magunia.

Gari likizama, jambo la kwanza ni shofa aache mafuta. Kila mzunguko wa gurudumu bila kusogea ni kuchimba kaburi la gari. Ajaribu kurudi nyuma polepole katika alama zake mwenyewe, maana mchanga ule umekwisha kukandamizwa. Ikishindikana, ndipo upepo utolewe zaidi na mchanga uondolewe mbele ya magurudumu yote manne, na chini ya tumbo pia. Mbao mbili ao matawi yawekwe mbele ya magurudumu. Chepe hufanya kwa robo saa kazi ambayo vijana 10 wanaosukuma hawafanyi kwa saa nzima, na hailipishi.

Watoto wasisimame nyuma ya gari wala mbele yake. Ubao ukikamatwa na gurudumu unaweza kuruka na kuvunja mguu. Na kama gari jingine linavuta kwa kamba, kila mtu akae mbali kuliko urefu wa ile kamba, pembeni, si kwenye mstari wake. Kamba inayokatika inarudi kwa nguvu ya kuua. Kutupa blanketi zito ao gunia lenye mchanga kidogo katikati ya kamba kunapunguza nguvu hiyo. Isifungwe kwenye bampa, ifungwe kwenye ndoano za chuma zilizoshikwa na mwili wa gari. Jambo jingine ambalo sikulijua: bomba la moshi likifunikwa na mchanga huku injini inanguruma, moshi unaweza kuingia ndani ya gari. Hauoneki vizuri, na unaua. Kwa hiyo mtoto asiachwe amelala ndani “kwa kivuli” wakati watu wanachimba. Siku ile sisi tulimwacha mmoja ndani. Hakuna aliyefikiri.

Narudi kwa lile swali la kwanza, kwa sababu upepo na chepe vinamsaidia shofa, lakini havimwoni mtoto aliye nyuma ya mtumbwi.

Kesho yake asubuhi wamama wa kijiji kile walikaa. Nilialikwa kwa kuwa nilikuwa mgeni na shahidi. Wengine walitaka magari yakatazwe kabisa kupita ukingoni. Mama mmoja mzee akawauliza: mgonjwa wa kujifungua apite wapi, na ndagala zenu ziende sokoni kwa njia gani? Kimya. Basi wakakubaliana mambo matatu, na mimi nayaandika jinsi yalivyosemwa.

Kwanza, walipima kwa miguu njia moja ya magari, pana kama hatua sita, upande wa juu, mbali na mitumbwi. Vijana walichomeka miti na kufunga vipande vya nyavu mbovu juu yake ili vionekane kutoka mbali. Ndagala na watoto vibaki upande wa maji, gari lipite upande wa pili. Mchanga wa juu ni mlegevu zaidi, ndiyo, lakini aliyetoa upepo anapita.

Pili, gari lisiingie katika njia ile bila mtu kutembea mbele. Huyo mtu atoke ndani ya gari, ni abiria, si mtoto wa kijiji. Atembee hatua kama 50 mbele, pembeni ya njia, na kitambaa cha rangi mkononi. Kitambaa kikiwa chini, shofa anaendelea kwa mwendo wake mmoja bila woga. Kitambaa kikiinuliwa, anaacha mafuta, na mchanga wenyewe unasimamisha gari bila freni. Hapo shofa hana tena sababu ya kuchagua kati ya gari lake na mtoto wa mtu. Mbele yake kuna anayeona.

Tatu ni pompi. Kikundi chao kina likelemba, na kulikuwa na mabishano makali kama fedha za wamama zinunue kitu cha mashofa. Mwenye hesabu alitaja bei za ndagala zilizokanyagwa mwaka huu peke yake, beseni kwa beseni, na mabishano yakaisha. Wamenunua pompi ya mguu kule Baraka, na chepe, na mbao mbili. Shofa anatoa upepo upande mmoja wa kijiji, anapita, na upande wa pili anajaza kwa pompi ya wamama akilipa franka kidogo. Jipu lenye magurudumu manne kwa pompi ya mguu ni jasho la kweli. Mashofa wananung'unika kwamba bei ni kubwa. Wamama wanajibu kwamba vijana wa kusukuma walikuwa wanawalipisha zaidi.

Yule shofa wetu alipita tena siku tatu baadaye. Nimeambiwa alitoa upepo bila kuulizwa. Beseni mbili za ndagala alizoziharibu amelipa moja, na ya pili bado wanazungumza, yeye na mume wa mwenye ndagala. Kitenge alileta kipya.

Vikundi vya Mboko na Lusenda wameniuliza kama wanaweza kwenda kuona ile njia ya miti. Wanaweza. Waende asubuhi, siku isiyo ya soko, na wamwulize mama wa yule mtoto. Pompi inalala nyumbani kwake.